Jumanne Jioni Upanga: Kuimba Pasipo Majaji

Kwa majuma 9 sasa, kila Jumanne, nashuka kituo cha mwendokasi cha Fire saa kumi na mbili jioni na kutembea kwa miguu kuelekea Upanga, ambako juu ya duka la vifaa vya ofisi kuna ukumbi mdogo uliokodishwa na kikundi cha watu wazima wanaokutana kuimba. Jina lao sitalitaja, kwa kuwa ukumbi haubebi zaidi ya watu 40 na wenyewe wameomba wasitangazwe. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kujiunga na kikundi cha namna hii, au kuanzisha chake mwenyewe, na ambaye angependa kujua kabla ya kutoa fedha anapata nini.

Ada ni shilingi 8,000 kwa jioni moja au 25,000 kwa mwezi, na ndani yake kuna nakala za nyimbo, chai ya tangawizi na vitumbua wakati wa mapumziko. Kipindi kimepangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu na kwisha saa mbili na nusu usiku. Hakuna sare, hakuna michango ya safari, hakuna ahadi ya kurekodi, na katika karatasi ya utaratibu anayopewa mgeni kuna sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi nzito: kikundi hakishiriki mashindano yoyote. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka pale, na baada ya majuma haya yote nimeona kwamba ndiyo inayoeleza karibu kila kizuri nilichokikuta.

Hakuna majaribio ya sauti kabla ya mtu kupokelewa. Mgeni huulizwa jina, huulizwa kama anayaona vizuri maandishi ya ubaoni, kisha huwekwa katikati ya watu wawili wanaoijua sauti yao. Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha muziki chuo cha ualimu kwa miaka mingi, humwacha aimbe na wenzake kwa karibu nusu saa, huku yeye akipita taratibu nyuma ya viti na kutega sikio, halafu humgusa begani: "Njoo huku, mwanangu, huku ndiko kwako." Mimi niliimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, kwa miaka 11 katika kwaya ya kanisa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na upungufu wa watu siku niliyojiunga, na hapakuwa na aliyeniuliza tena. Hapa nilihamishiwa sauti ya pili kabla chai haijaiva. Usiku ule nilirudi nyumbani bila kukwaruzwa na koo, jambo ambalo nilikuwa nimeshazoea kulihesabu kuwa sehemu ya kuimba.

Robo saa ya kwanza ni ya kupasha sauti, nayo hufanywa kwa uangalifu ambao sikuutarajia mahali pasipo na zawadi. Tunaanza kwa kufumba midomo na kuvuma "mmm" hadi mtu ahisi mtetemo kwenye mifupa ya pua. Tunatikisa midomo kama mtoto anayeigiza gari. Kisha tunaweka kiganja juu ya kitovu na kuvuta pumzi mpaka kiganja kisogee mbele, mabega yakiwa yametulia. Mwalimu hutaka pumzi ile itolewe kwa sauti ya "sss" kwa hesabu ya 16, na wiki inayofuata 20. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliishia hesabu ya 9 siku ya kwanza tulipokuwa pamoja. Juma lililopita alifika 18, na watu wakampigia makofi kwa moyo, kwa sababu wote tulikuwa tumemsikia akipanda polepole Jumanne hadi Jumanne.

Baada ya hapo hufuata solfa, namna ya kusoma na kuimba muziki kwa herufi. Kwa msomaji aliyekulia katika kwaya zetu hili si jambo geni, maana kwaya nyingi za Afrika Mashariki zimefundishwa kwa d, r, m, f, s, l, t kabla hazijaona mistari mitano ya noti. Hata hivyo wengi wetu tumezikariri herufi hizo bila kujua zilitoka wapi wala zilikusudiwa nini. Zilianzia kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyechapisha mpango wake mwaka 1835 akitaka waumini wote kanisani waweze kuimba, si wachache wenye mafunzo peke yao. Mchungaji John Curwen aliuchukua mpango huo, akaurekebisha na kuusambaza, na baadaye akauongezea ishara za mkono. Wamisionari wakauleta Afrika. Ni kweli kwamba mfumo wenyewe uliishia kuzungukwa na mitihani, vyeti na mashindano huko huko Uingereza, lakini shabaha yake ya kwanza ilikuwa mtu wa kawaida aliyesimama kwenye benchi na kitabu mkononi. Nikimtazama mwalimu wetu akiinua ngumi iliyofungwa mbele ya tumbo kwa ajili ya do, akilaza kiganja kwa ajili ya mi, akinyoosha kidole juu kwa ajili ya ti, na watu 30 na ushei wakimfuata bila karatasi, naona shabaha ile ikitimia mbele ya macho yangu.

Jioni moja ya juma la tano nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niamue kuandika. Tulikuwa tumejifunza wimbo wa beti tatu kwa sauti nne, pasipo kinanda. Tukaimba tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa masikio yetu tulikuwa tumeimba vizuri. Wengine walianza hata kutabasamu. Mwalimu akaenda kwenye kinanda akabonyeza noti tuliyoanzia. Ilikuwa juu ya mahali tulipomalizia kwa karibu nusu hatua. Kila aliyewahi kuimba katika kundi bila ala anakijua kisa hiki: sauti hushuka kidogo kidogo, kila mmoja akimfuata jirani yake, na hakuna anayesikia kwamba nyumba nzima inatitia.

Mwalimu hakukunja uso. Aliuliza tu: "Jamani, tumedondokea wapi?" Kukawa kimya kwa muda, kisha yule mzee fundi cherehani akasema kutoka safu ya nyuma, "Ni sisi, Mwalimu. Besi tunavuta. Mstari wa tatu, pale tunaposhuka toka so kwenda mi halafu tunapanda hadi la. Tukishuka tunashuka mno, tukipanda hatufiki." Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaongeza kwamba na wao pumzi zinawaishia mahali hapo hapo, kwa hiyo hata besi wakifika, wao wameshalegea. Tukauimba mstari ule peke yake, mara 8 nilizozihesabu, besi kwanza, kisha besi na sauti ya kwanza, kisha wote. Mwalimu aliwaambia besi wafikirie mi kuwa ngazi ya kukanyagia na si shimo la kuangukia, na akawaonyesha sauti ya kwanza mahali pa kuiba pumzi mapema, katikati ya sentensi, kwa zamu, ili mkondo wa sauti usikatike. Tuliporudia wimbo mzima, kinanda na sisi tulikutana karibu kabisa.

Kilichonigusa zaidi ni lile neno "ni sisi." Katika miaka yangu 11 ya kwaya ya mashindano sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Kwaya ile ilikuwa na waimbaji hodari kuliko hawa, nalisema bila kusita. Tulikuwa tukifanya mazoezi miezi mitatu kwa ajili ya nyimbo mbili tu, mmoja wa lazima na mmoja wa hiari, na makosa yalipotokea kila sauti ilielekeza kidole kwa jirani: sauti ya kwanza iliilaumu ya pili, sauti ya tatu iliilaumu besi, na wote kwa pamoja walimlaumu mpiga kinanda. Aliyekiri kosa alikuwa anajipunguzia nafasi ya kupanda jukwaani, kwa kuwa idadi ya waimbaji ilikuwa na kikomo na wasioaminika waliachwa nyumbani. Mwaka wa mwisho tulishika nafasi ya pili huko Morogoro. Tulipewa karatasi za majaji, tukasoma alama za matamshi, za mavazi, za namna tulivyoingia na kutoka jukwaani, kisha tukapanda basi kurudi Dar es Salaam. Watu 38 wanaopenda kuimba, safari ya saa nyingi, na hakuna aliyefungua kinywa kuimba hata ubeti mmoja. Nilikaa dirishani nikijiuliza tulikuwa tumekipoteza nini, maana alama tulizokosa zilikuwa mbili tu.

Nisieleweke kwamba ushindani haukutupa kitu. Pwani yetu imeimba kwa kushindana tangu zamani. Wakati wa ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, makundi hasimu ya Marini na Arinoti yalikabana mji kwa mji, na ushindani ule ulizaa mavazi, midundo na tungo. Miaka ya 1990, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vilipokuwa vikitupiana mafumbo jukwaani hapa Dar es Salaam, watunzi walilazimika kunoa lugha yao wiki hadi wiki, na baadhi ya nyimbo hizo bado zinaimbwa harusini. Lakini upande wa pili nao una historia yake, tena ndefu. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1905, ilibeba katika jina lake la Kiarabu maana ya udugu wa watu wenye nia safi, na vilabu vya namna hiyo viliwakutanisha watu waliokuwa na kazi zao mchana, wakaja usiku kushika fidla, kunywa kahawa na kuimba. Mizani ya kikundi cha Upanga inaelekea huko, nami nafurahi kuona mtindo huo haujafa.

Uchaguzi wa nyimbo ni mpana na kwa sehemu kubwa umefanywa kwa busara. Kwa kuwa ndani ya kundi kuna Waislamu na Wakristo, nyimbo za ibada huachwa nje, isipokuwa mwanachama anapoomba kuwafundisha wenzake wimbo wa kwao na wote wakaridhia. Zipo nyimbo za bembea, zipo zilipendwa zilizopangwa kwa sauti nne, zipo nyimbo za kazi. Juma la saba, mama mmoja mwenyeji wa Pangani alitufundisha wimbo wa kutwanga aliousikia kwa bibi yake. Hakukuwa na karatasi. Alileta kinu na michi, akaviweka sakafuni juu ya gunia ili wapangaji wa chini wasisumbuke, akawasimamisha watatu wakitwanga kwa zamu bila kugonganisha michi, na sisi wengine tukaitikia. Nilipopewa mchi ndipo nilipoelewa kwa nini kiitikio kile kina pengo fupi katikati: ni pale mkono unapoinuka na mwili unapovuta pumzi wenyewe. Ukiusoma wimbo ule kwenye karatasi, pengo lile linaonekana kuwa kosa la mwandishi.

Kwenye taarabu, kinyume chake, huduma hii inapwaya, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa zaidi. Mwalimu alijaribu kutufundisha wimbo wa taarabu asilia kwa solfa, na matokeo yalikuwa makavu. Utamu wa uimbaji ule umo katika kuteleza baina ya noti, katika mitetemo midogo anayoiweka mwimbaji mwishoni mwa mshororo, na katika vituo vya sauti vya maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, ambavyo havikai sawasawa kwenye vibonye vya kinanda. Herufi saba za ubaoni haziwezi kuyabeba hayo. Mwalimu mwenyewe alikiri hivyo mbele yetu, nami namheshimu kwa kukiri, lakini kukiri hakutoshi. Kikundi kinachotoza ada kingeweza kumwalika mara moja kwa mwezi mwimbaji aliyekulia katika fani hiyo, akatufundisha kwa kusikiliza na kuiga, kama fani yenyewe ilivyorithishwa.

Kuhusu afya, watu wengi hapa watakueleza kwamba wanalala vizuri usiku wa Jumanne, nami ni mmoja wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi ulioonyesha kwamba mapigo ya moyo ya watu wanaoimba pamoja huelekea kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu sentensi za wimbo zinawalazimisha kuvuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja. Aliyekaa katikati ya safu ya sauti ya pili, begani kwa bega na wenzake, akishikilia noti moja ndefu mpaka mkono wa Mwalimu ufunge, hatashangazwa na habari hiyo.

Yako mambo madogo ya kurekebishwa. Kipindi huanza kwa kuchelewa dakika 20 karibu kila mara, na wanaotoka mbali kama Mbagala huumia kwa kuwa saa ya kumaliza inabaki ile ile na dakika hizo hazifidiwi. Feni la dari linanguruma kiasi cha kuifunika sauti ya pili, na likizimwa ukumbi unakuwa tanuri. Nakala za nyimbo zimetolewa kutoka kwa nakala za nakala, hata vistari vinavyotofautisha do ya juu na do ya chini vimefutika, na mtu asiyeujua wimbo anaweza kujikuta anaruka oktava nzima bila kukusudia. Waimbaji wa sauti ya tatu ni watano tu, na kwa sababu ya uchache wao Mwalimu huwa anauanzisha wimbo juu ili wasikike, jambo linalowabana watu wa sauti ya kwanza wenye umri mkubwa. Ngazi za kupandia ukumbini hazina pa kushikilia. Usiku umeme ulipokatika juma la tatu, tulishuka kwa mwanga wa simu huku vijana wawili wakimshika yule mzee mikono. Kwa hilo naomba wahusika wasingoje mtu aanguke.

Je, inafaa kwa nani? Anayetaka kuwa mwimbaji wa kulipwa atafute mwalimu wa peke yake, kwa maana hapa hatapata saa za kutosha. Mwenye kwaya ya kanisa au kaswida ya madrasa anaweza kuja bila kugombana na ratiba yake, na nimeona watu wa aina zote mbili wakirudi kwao na mazoezi ya pumzi waliyoyapata hapa. Anayedai kwamba hana sauti, aje naye. Kijana mmoja wa bodaboda alimsindikiza dada yake akakaa mlangoni majuma mawili akisubiri, akitikisa mguu. Juma la tatu Mwalimu alimwomba ashike noti moja tu, do ya chini, kwa kuwa besi walikuwa wamepungua. Aliishika. Sasa anayo mistari yake, anaimba akiwa amefumba macho, na kofia yake ngumu huiweka chini ya kiti.

Wageni wanashauriwa kufika mapema, kuja na chupa ya maji yasiyo baridi na penseli ya kuweka alama za pumzi, na kutokula chakula kizito kabla. Mimi nimeshalipia miezi mitatu ijayo. Jumanne hii tunaurudia ule wimbo wa beti tatu bila kinanda, na yule mzee wa besi ameomba tuanzie mstari wa tatu.